Mwenye Mzigo Hashiki Mizani

Nilichungulia.

Nimeliandika neno hilo peke yake ili nisipate nafasi ya kulipamba. Kwa miaka sita nimeulizwa swali hili na watu watatu, mmoja wao akiwa ndiye aliyenifundisha kazi, na wote watatu niliwajibu, "Hapana, sikuchungulia," kwa uso mkavu wa shahidi mahakamani. Ninyi vijana mnaoingia sasa katika kazi ya kupima vivuli vya mashimo meusi mmekuwa mkiniandikia kuniuliza nilianzaje, nilisoma nini na kama kuna ajira. Nimeona nianze na hili. Ajira hakuna, na mimi nilichungulia.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Nimerudi nyumbani Cheyo, Tabora, kwa mama yangu, ambaye bado hajanizoea. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akiisubiri kompyuta imalize hesabu hawezi kukaa kitako. Asubuhi nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Saa nne naenda sokoni kununua kitu, nikifika nimekisahau, narudi na nyanya. Mama huniangalia kutoka kwenye kigoda chake.

"Nyamizi, kaa chini basi. Unanitia kizunguzungu."

Siku moja aliamua kunihoji, nadhani ili nikae.

"Hivi huko chuoni ulikuwa unafanya nini hasa?"

"Nilikuwa napima kivuli, mama."

"Kivuli cha nini?"

"Cha shimo."

"Shimo lina kivuli?"

"Hili linacho."

"Na ukishakipima?"

"Unajua kama mvutano, ile nguvu inayoangusha vitu, unafuata kanuni tunazozidhania."

Mama alifikiri kidogo. "Vitu vinaanguka, Nyamizi. Ungeniuliza mimi, ningekwambia bure."

Kwa hapa Cheyo yuko sahihi. Nadharia kongwe ya mvutano, ile iliyo kwenye vitabu vyenu, na nadharia nyingine zote zinazotaka kuirithi, ukiziuliza kuhusu tofali linaloanguka uani kwetu zinajibu kitu kilekile, kama watoto walionakiliana mtihani. Ukitaka zigombane lazima uzipeleke mahali pabaya.

Shimo jeusi ndipo mahali hapo. Mwanga unaopita mbali nalo unapinda kidogo na kuendelea na safari. Unaopita karibu unazunguka. Unaopita karibu zaidi unaingia na hautoki. Kandokando kuna gesi ya moto inayong'aa, kwa hiyo ukitazama kwa darubini za redio zilizounganishwa kutoka pande nyingi za dunia, unaona duara la mwanga na giza katikati. Giza hilo ndilo kivuli. Ni pana kuliko shimo lenyewe, mara mbili na nusu na ushee, na raha yake ni hii: ukijua uzito wa shimo na umbali wake, nadharia kongwe inakutajia upana wa kivuli bila kubabaika. Nadharia nyingine inakutajia upana mwingine. Basi unapima. Kikizidi au kikipungua, kuna mtu amekula hasara ya maisha yake.

Mtu huyo, kwa upande wetu, alikuwa Dokta Maziku.

Ni mzaliwa wa Ntalikwa, hapahapa pembezoni mwa mji wa Tabora, ingawa mimi nilimkuta Dar es Salaam, chuoni, akifundisha. Aliandika ubaoni kwa mkono wa kulia na kufuta kwa wa kushoto, wakati uleule, na wewe ulikuwa na nafasi ya upana wa bega lake kunakili. Hakuwa mpole wala hakuwa mkali. Alikuwa na haraka. Na alikuwa na nadharia yake mwenyewe ya mvutano, aliyoijenga tangu ujana, akiibadilisha nukta na mkato. Nadharia ya Maziku ilisema kivuli kitakuwa kidogo kuliko ile kongwe inavyodai. Kidogo tu, kama mtu aliyekonda baada ya homa. Kwa miaka mingi hapakuwa na darubini ya kumkubalia wala ya kumkatalia, na nadharia isiyoweza kukataliwa ni kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Kisha picha za kwanza zikatoka, data zikawekwa wazi kwa kila mtu, na Dokta akaniita ofisini.

"Nyamizi, utapima wewe."

"Kwa nini mimi, Dokta? Nadharia ni yako."

"Ndiyo sababu."

Akanisimulia kuhusu babu wa babu yake. Alikuwa mpagazi kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita hapa kwetu na kuendelea hadi Ujiji. Alibeba pembe za ndovu begani. Dokta alisema kwamba hapa Tabora, kabla msafara haujaondoka, mpagazi hakukubali uzito aliotajiwa na mwenye mzigo, na mwenye mzigo naye hakukubali uzito uliotajwa na mpagazi. Aliitwa mtu wa tatu, mpagazi wa msafara mwingine, asiyekwenda njia ileile. Anaunyanyua mzigo, anaushusha, anasema, na neno lake linakuwa ndilo. Mwenye mzigo hashiki mizani. Sijawahi kuikuta hadithi hiyo kwenye kitabu chochote cha historia, na nina wasiwasi kwamba Dokta aliitunga akiwa njiani kuja kazini. Lakini kama kuna sentensi moja ya kubandika juu ya meza zenu, ni hiyo.

Maana katika kazi yetu mizani inakugeuka bila wewe kujua. Uzito wa shimo, kwa mfano. Utaupata wapi? Kwa shimo la katikati ya kundi letu la nyota tuna bahati, kuna nyota zinazolizunguka kwa karibu. Ukizifuatilia kwa miaka unajua zinazunguka kitu chenye uzito gani. Kwa lile jingine lililopigwa picha, kubwa na la mbali, kulikuwa na mizani mbili, ya nyota na ya gesi, na moja ilikuwa inataja uzito unaokaribia mara mbili ya nyingine. Kijana mwenye haraka anasema: basi nitachukua uzito kutoka kwenye kivuli chenyewe. Anachukua. Kisha anautumia uzito huo kukisia upana wa kivuli, anakuta unalingana sawasawa na kivuli alichokipima, anaruka kwa furaha. Msicheke. Nimesahihisha kazi tatu za namna hiyo, na moja ilikuwa yangu.

Makosa yangu mengine yalikuwa na heshima ndogo zaidi. Kuna siku niligundua kwamba kivuli ni kikubwa mara mbili ya vile nadharia yoyote iliyowahi kuandikwa inavyosema. Mara mbili! Kwa siku nne nilikuwa mtu aliyeiangusha fizikia. Sikulala, sikula, nilimpigia mama simu nikamwambia akae tayari kwa habari njema, akadhani naolewa. Siku ya tano nilinunua kreti ya soda, nikaita idara nzima, nikaonyesha mchoro wangu. Dokta Maziku alikaa mbele. Alikunywa soda yake taratibu mpaka ikaisha, akaiweka chupa sakafuni, ndipo akauliza, "Nyamizi, namba hii ni ya upana mzima au ya nusu?"

Ilikuwa ya upana mzima. Ya nadharia ilikuwa ya nusu. Watu walibeba soda zao wakaondoka nazo. Tangu siku hiyo naandika kwa kalamu nyekundu, pembeni mwa kila namba, MZIMA au NUSU, na nawasihi nanyi mfanye hivyo hata kama kompyuta zenu zina akili kuliko mimi.

Najua zina akili. Enzi zetu, kutengeneza picha moja ya kubuni ya shimo jeusi, kuufuata kila mwale wa mwanga unavyopinda katikati ya gesi, kulichukua kompyuta ya idara wikiendi nzima, na umeme ukikatika Jumapili jioni unaanza upya Jumatatu. Nilijifunza kusubiri kwa mwendo wa kinyonga. Siku hizi mwanafunzi anazitengeneza mia kabla ya chakula cha mchana. Sijui kama hilo linamfanya mtu awe makini zaidi. Mimi, nilipokuwa na picha chache, kila moja niliijua kama mtoto niliyemzaa, yenye sura nzuri na yenye sura mbaya.

Na sasa nimefika kwenye sura mbaya, niache kuzungukazunguka.

Tunachokiona kwenye darubini ni duara la mwanga. Tunachokitaka ni ukingo wa kivuli, ambao uko ndani ya duara hilo, haulingani nalo. Kuna namba ya kurekebisha: duara likiwa na upana huu, kivuli kina upana ule. Namba hiyo unaipata kwa kutengeneza picha nyingi za kubuni, ambazo kivuli chake unakijua kwa sababu umekiweka wewe, kisha unazipima kama unavyopima picha ya kweli. Hapo ndipo mizani inapoweza kuingia mikononi mwa mwenye mzigo tena. Picha zako zote zikitengenezwa kwa nadharia kongwe, namba yako inazungumza kwa sauti ya nadharia kongwe, halafu unaiuliza kama nadharia kongwe ni kweli. Kwa hiyo nilitengeneza za nadharia zote mbili, kongwe na ya Maziku. Nyingine zilikuwa na gesi nyembamba, duara safi kama pete. Nyingine zilikuwa na gesi nzito iliyochafuka, duara limevimba upande mmoja, huwezi kusema linaanzia wapi.

Kanuni tuliyojiwekea ilikuwa moja. Kipimo cha duara la kweli kilifanywa na programu, fundi wetu wa kompyuta akakifungia kwenye faili bila sisi kukiona, na namba nane za kulifungulia faili hilo akaziandika kwenye karatasi, ndani ya bahasha nyeupe, ndani ya droo ya meza yangu. Nilitakiwa niamue kwanza ni picha zipi zinaingia kwenye hesabu, nipate namba ya kurekebisha, niisaini mbele ya Dokta. Ndipo bahasha ifunguliwe.

Bahasha ilikaa kwenye droo yangu wiki tatu. Kila nilipotafuta kalamu niliiona.

Ilikuwa asubuhi, jua linaingia dirishani, wenzangu wamekwenda kunywa chai. Sikuichana. Niliinyanyua tu mbele ya dirisha, namna mtu anavyoangalia kama yai lina kifaranga, na namba nane zikaonekana, nyeusi, zimepinda kidogo. Nilisoma vivuli vyake. Mniruhusu nicheke hapo. Imenichukua miaka sita kuweza.

Nikafungua faili, nikaona upana wa duara, nikafunga. Dakika mbili. Nilijiambia kwamba nimeona tu, sikugusa kitu.

Nawaeleza kilichofuata kwa uangalifu, kwa sababu ndicho cha kuwafaa. Sikughushi. Kuchungulia hakukunifanya niwe mwongo siku ile. Kulinipa sababu nzuri. Wiki ileile nilianza kuona kwamba zile picha zenye gesi chafu, kumi na saba kwa hesabu, hazina maana. Kweli kabisa, nilikuwa na hoja. Gesi haiwezi kuwa na joto la namna hiyo, nilisema. Nikaandika ukurasa mzima. Nilichokuwa nakijua, na sikuwa nakisema hata kwa nafsi yangu, ni kwamba picha hizo zikibaki ndani, makadirio yanapanuka na jibu letu linakuwa "haijulikani, subirini darubini bora." Zikitoka, jibu linakuwa kali kama wembe: nadharia kongwe imepita, ya Maziku imeanguka. Sikuwa na chuki naye. Ningekuta inayoanguka ni ile nyingine, ningeandika ukurasa mwingine, na wenye hoja pia. Nilitaka jibu. Hakuna anayepandishwa cheo kwa neno "haijulikani".

Siku ya kufungua bahasha, Dokta Maziku alisimama. Aliangalia mchoro muda mrefu kuliko alivyowahi kuangalia kitu chochote. Nadharia yake ilikuwa peke yake upande wa kushoto, mbali na kipimo, kama mtu aliyeachwa na msafara.

"Zile chafu ulizitoa," alisema.

"Ndiyo, Dokta. Sababu nimeandika."

"Nimezisoma. Ni nzuri." Akanigeukia. "Ulichungulia?"

"Hapana, Dokta."

"Kama hukuchungulia, basi nimeshindwa."

Akaniamini. Wengine wawili walioniuliza baadaye hawakuwa na la kupoteza, lakini yeye alikuwa nalo, na aliniamini kwa sekunde moja. Alifuta ubao wake kwa mikono yote miwili, hakuandika tena juu ya nadharia hiyo, akastaafu, akarudi Ntalikwa kufuga nyuki. Mimi nilipanda cheo.

Kwa hiyo nilipowaambia watu kwamba nastaafu mapema ili nimwangalie mama, mama mwenyewe alishangaa. Yeye ndiye ananiangalia.

Mwaka huu Konsolata akaniandikia. Konsolata alikuwa mwanafunzi wangu wa mwisho, binti wa wakulima wa Ulyankulu, familia ya asili ya Burundi, Wakatoliki wa kuwahi misa wakati jogoo bado anajikuna. Sasa anasomea shahada ya uzamivu, na kazi yake ni kukipima upya kivuli kilekile kwa data mpya, kali zaidi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi.

"Mwalimu, shikamoo. Swali dogo. Zile picha kumi na saba ulizoziacha, uliziacha kabla ya kufungua bahasha au baada?"

"Marahaba. Kabla," nikaandika. Kidole hakikusita. Kimezoea.

"Asante Mwalimu. Basi na mimi nitaziacha."

Niliusoma ujumbe huo nikiwa na ufagio mkononi. Sijui nilisimama kwa muda gani. Uongo wangu ulikuwa umekaa kwangu miaka yote hiyo, umezeeka nami, na sasa ulikuwa unaomba kuolewa na mtoto wa watu. Nilikwenda sokoni, nikarudi na nyanya. Nilikwenda tena. Siku ya tatu mama alisema, "Nyamizi, hizi nyanya tutazifanyia sherehe gani?" Wiki ya pili nilimpigia Konsolata.

"Nilichungulia," nikamwambia. "Picha zile nilizitoa baada."

Akasema, "Mwalimu, nilikuwa nimeshaandika sura mbili."

"Najua. Pole."

"Nitazirudisha zote ndani. Naanza upya." Nikasikia anavuta pumzi. "Dokta Maziku anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie sasa, kabla sijafungua bahasha yangu. Nikishafungua, itaonekana unamwambia kwa sababu ya jibu."

Nilimfundisha mimi binti huyo, lakini hilo hakulipata kwangu. Nililoweza kumpa ni ushauri wa kiufundi, niliouona mwenyewe kwa jua la asubuhi: bahasha ifungwe kwa karatasi ya kaki, mara mbili, na isikae kwako. Mpe mtu asiyejua ni ya nini na asiyekuogopa.

Siku iliyofuata nilipanda bodaboda hadi Ntalikwa. Dokta alikuwa ndani anachuja asali, milango na madirisha yamefungwa, joto kama la tanuri. Asali haichujwi nje mchana. Nyuki wanakuja kudai mali yao.

"Mwangaluka, Dokta. Shikamoo."

"Marahaba. Funga mlango, upesi."

Nilifunga. Alikuwa ameshika kitambaa juu ya ndoo, asali inashuka taratibu. Nilijua nikikaa sitasema, nikasema nimesimama. "Dokta, nilichungulia."

Asali iliendelea kushuka.

"Ulizisomaje namba?"

"Niliiinua bahasha dirishani."

"Dirisha la mashariki?"

"La mashariki."

"Niliwaambia wanunue bahasha za kaki." Akakikamua kitambaa. "Nilikuuliza, Nyamizi."

"Uliniuliza."

"Ukasema hapana."

"Nikasema hapana."

"Kwa hiyo miaka sita nafukuzana na nyuki kwa ajili ya neno lako."

"Dokta, samahani sana, mimi..."

"Samahani haina upana. Siwezi kuipima." Hapo ndipo aliponitazama, na nikatamani asingenitazama. Alikuwa amezeeka kwa namna ambayo asali haizeeshi mtu. "Huyo binti anafungua lini?"

"Baada ya wiki tatu. Ameahidi kupiga simu."

"Uje hapa siku hiyo. Simu yangu spika imekufa."

Wiki hizo tatu niliandika barua kwa jarida lililochapisha kazi yetu, nikaeleza kila kitu, bahasha, dirisha, picha kumi na saba. Barua ya ukurasa mmoja, niliiandika mara kumi na moja, na kila mara nilikuta nimeingiza sentensi ya kujitetea. Mkijikuta mnaandika barua ya namna hiyo, tafuteni neno "hata hivyo" na mlifute.

Sitawaficha nilichokuwa nakiombea. Sehemu yangu moja ilitaka nadharia ya Dokta ifufuke, nimrudishie alichopoteza. Sehemu nyingine, ile iliyopanda cheo, ilitaka nionekane nilipatia. Zilikuwa zinagombana ndani yangu siku nzima, na mimi nafagia.

Siku yenyewe nilifika Ntalikwa mapema mno. Dokta alikuwa na ndoo nyingine. Niliweka simu juu ya kigoda, nikaanza kutembea. Chumba kilikuwa na hatua nne kwenda na nne kurudi.

"Nyamizi, unakoroga hewa. Shika kitambaa upande huo."

Nilishika kitambaa. Simu ilipoita, mikono yetu yote minne ilikuwa na asali. Nilibonyeza kwa kifundo cha kidole.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Konsolata. Uko kwenye spika. Dokta yuko hapa."

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Bahasha ilikuwa wapi?"

Hakuuliza jibu. Konsolata alijibu. "Ulyankulu, Dokta, kwa mama yangu. Niliifunga kwa kaki mara mbili, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Hajui ni ya nini. Anadhani ni barua ya mchumba."

"Namba amekupaje?"

"Amenisomea kwa simu, leo asubuhi. Ilibidi nimwapie kwanza kwamba nimemaliza."

"Ulichungulia?"

Nililitazama pindo la kitambaa nililokuwa nimelishika. Sikuweza kutazama kwingine.

"Hapana, Dokta."

"Hukumwomba akusomee hata namba moja kabla?"

Sauti yake ikawa ndogo: "Nilimwomba mara moja, Dokta. Wiki iliyopita. Alinikatalia, akaniambia nisali."

Dokta Maziku alicheka. Sikuwahi kukisikia kicheko hicho tangu enzi za kreti ya soda. "Haya," alisema. "Sema sasa."

"Picha zote zimo, safi na chafu. Kivuli kipo pale nadharia kongwe inapokitaka." Nilijua anatafuta namna ya kulisema kwa mtu mzima. "Ya kwako iko nje, Dokta. Siyo mbali kama Mwalimu alivyoandika. Nje kidogo tu. Lakini iko nje."

Nilikuwa nimepatia. Nilisubiri raha ije, na haikuja. Nilichokiona ni ile asubuhi dirishani, na jinsi ambavyo, kama ningeiacha bahasha kwenye droo, tungesema "haijulikani", naye angeendelea kuandika ubaoni miaka sita yote, akisubiri siku hii.

Dokta alikiweka kitambaa chini. Alijipangusa mikono kwenye suruali, haikusaidia.

"Asante, mwanangu," akaiambia simu. "Sasa ndiyo nimeshindwa."

Alilisema kama mtu anayeutua mzigo mwisho wa safari na kunyoosha shingo. Kisha akainyanyua simu yangu kwa vidole vilevile, akazima spika, akaiweka sikioni, akanipa mgongo.

"Hebu nieleze. Zile chafu, gesi yake uliipaje joto? Eeh. Ngoja, ngoja, nitafute kalamu. Nyamizi, kalamu!"

Nilimpa kalamu. Aliandika ukutani. Simu ni yangu, lakini sikurudishiwa mpaka chaji ilipoisha, na hadi leo vibonye vyake vinanata.